Vikundi Vyetu na Marafiki wa Nchi za Nje

Katika mazungumzo yetu ya leo sitazungumzia mbolea wala nafasi ya kupandia maharage. Nitazungumzia swali ambalo wakulima wa Kakonko, Kibondo na Kasulu huniuliza karibu kila nifikapo vijijini. Wananiambia: Bwana Shamba, kikundi chetu kimekwisha kuundwa, tuna katiba, tuna mwenyekiti na mweka hazina. Sasa tutampataje mfadhili wa kutoka nje? Wakisema hivyo hucheka kidogo, lakini hawatanii.

Swali hilo si la aibu. Watu wa Buha wameona magari ya mashirika ya nje kwa miaka mingi kuliko watu wa mikoa mingi. Shirika la TCRS lilianzishwa mwaka 1964 na Walutheri wa nchi nyingi kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi, na baadaye likawa shirika la Watanzania wenyewe. Wakimbizi wa Burundi walikuja kwa wingi mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993, wakaja tena mwaka 2015. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Kibondo mwaka 2015, na ya Mtendeli hapa Kakonko mwanzoni mwa mwaka 2016. Kila kambi ilipofunguliwa mashirika yalifuata, na kando ya kambi vikundi vya wenyeji viliota kama uyoga: vya bustani, vya nyuki, vya kuku, vya majiko sanifu. Mwaka 2021 Mtendeli ilifungwa na wakimbizi waliobaki wakahamishiwa Nduta. Magari yakaondoka. Sasa nenda ukatafute vile vikundi. Baadhi vipo na vinafanya kazi. Vingine vimebaki muhuri tu, nao umefungiwa kabatini kwa katibu.

Kwa nini kimoja kibaki na kingine kife, hali vyote vilipewa mafunzo yaleyale na vifaa vilevile? Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitazame pamoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna misaada ya serikali na mashirika makubwa. Mathalani mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulianzisha Mpango wa Pamoja wa Kigoma, ambao ulizihusu wilaya hizi zetu tatu. Mipango ya namna hiyo hupangwa juu, na mkulima huikuta imekwisha kupangwa. Leo sizungumzii hiyo. Nazungumzia kikundi cha watu wa kawaida hapa kufanya urafiki wa kazi na kikundi cha watu wa kawaida kwingine: wakulima kwa wakulima, akina mama kwa akina mama. Urafiki wa namna hiyo ni mdogo kwa fedha, lakini una jambo moja zuri, nalo ni kwamba unaweza kubishana na rafiki yako kabla hajaleta kitu.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa ng'ombe. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, vilivyoanza mwaka 1936, alikuwako huko mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, akigawa maziwa kwa watoto wa waliokimbia vita. Maziwa yalikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi. Ikabidi kuchagua nani apewe na nani akose. Aliporudi kwao hakuomba watu wachange maziwa zaidi. Aliwaomba wakulima wenzake, watu wa kanisa lake dogo la Brethren, watoe mitamba, na kila atakayepokea mtamba ampe mwenzake ndama jike wa kwanza. Mwaka 1944 mitamba 17 ya kwanza ilipelekwa Puerto Rico. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa Heifer International. Kilifika Tanzania mwaka 1974, na wakulima wetu wakautafsiri utaratibu wake vizuri kuliko wenyewe walivyousema: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Angalia sana neno "lipa". Unamlipa nani? Humlipi aliyekupa. Yeye yuko mbali, na hana haja na ndama wako. Unamlipa jirani ambaye hajapata. Mzungu wa Marekani akisahau, akafa, au chama chake kikafilisika, deni halifutiki, kwa sababu mwenye kudai anakaa hapo ng'ambo ya mgomba na kila asubuhi anamwona ndama anavyonenepa.

Wazee wa Buha watanielewa upesi wakikumbuka ubugabire. Mwenye ng'ombe wengi alimpa asiye nacho ng'ombe wa kutunza. Aliyepokea alipata maziwa, akapata na samadi ya migomba yake, lakini tangu siku ile akawa mtu wa mwenye ng'ombe. Akiitwa kulima, alikwenda. Akiitwa kujenga, alikwenda. Ng'ombe alimfunga mpokeaji kwa mtoaji. Sasa ulizeni, ndugu zangu, vikundi vyetu vingi vimefungwa kwa nani? Mgeni akija, mkutano unaitishwa hata kama ni siku ya kuvuna. Akitaka nyimbo, tunaimba. Akisema mwaka huu ni uyoga, sote tunakuwa wakulima wa uyoga. Huo ni ubugabire wa magari. Sisemi kwamba mtoaji ana nia mbaya, mara nyingi ana nia njema kabisa. Nasema kwamba deni likielekea kwake tu, siku akiondoka hakuna anayedaiwa na mtu, na kikundi hakina sababu ya kukutana.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, nami nawaomba mchukue kalamu.

Tuseme kikundi kina wanachama 20, na rafiki wa nje anatoa mitamba 4 wenye mimba. Kila anayepokea anatakiwa kulipa mtamba mmoja. Mtamba amefika na mimba ya miezi 5. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9 na siku chache, kwa hiyo atazaa baada ya miezi 4. Akizaa jike, ni bahati. Huyo jike atanyonya, atakua, na kama lishe ni nzuri atapandishwa akiwa na miezi 18 hivi. Akifikisha mimba ya miezi 5 anakabidhiwa jirani. Jumlisha: 4, na 18, na 5, ni miezi 27. Hiyo ni kwa mwenye bahati. Ndama nusu yao huzaliwa madume, na aliyepata dume atangoja uzao wa pili, zaidi ya mwaka mmoja mbele. Basi tuweke miaka 3 kwa kila mkupuo, tusijidanganye.

Mkupuo wa pili unaongeza nyumba ngapi? Wengi hujibu 8. Hapana, ni 4, maana wale wa kwanza wakishalipa mmoja mmoja wamemaliza deni lao. Nyumba 4 mwanzoni, 4 mwaka wa 3, 4 mwaka wa 6, 4 mwaka wa 9, na 4 za mwisho mwaka wa 12. Mwanachama wa 20 anapata ng'ombe wake mwaka wa 12, na hapo hatujamhesabu ng'ombe hata mmoja aliyekufa!

Sasa ulinganishe na mradi. Miradi mingi ni ya miaka 3, mingine miaka 5. Yaani rafiki yako anaondoka mkupuo wa kwanza umekamilika au wa pili ndiyo kwanza unaanza. Miaka 7 au zaidi iliyobaki ni yenu peke yenu. Nani atakumbuka zamu ya nani? Nani atakwenda kwa jirani kumwambia, huyu ndama si wako, ni wa mama fulani? Nani atampeleka dume bora atakapohitajika? Ikiwa majibu ya maswali hayo yalikuwa kwenye ofisi ya mradi, mnyororo umekatika. Yakiwa kwenye daftari la kikundi, unaendelea.

Njia za kufupisha muda huo zipo. Vikundi vingine hukubaliana kila mmoja alipe mitamba wawili, na hesabu ikashuka hadi miaka kama 8 au 9. Vingine huanza na mbuzi wa maziwa. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, mara nyingi huzaa pacha, na mkupuo wake ni kama mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo wanachama 20 wanaweza kupata wote katika miaka 6. Mimi binafsi kwa kikundi kichanga napendelea mbuzi. Mbuzi akifa watu wanasikitika. Ng'ombe akifa kikundi kinagombana.

Mzee mmoja wa Kakonko aliniuliza katika mkutano: "Bwana Shamba, ng'ombe akifa kabla sijalipa, deni nalo limekufa?" Watu walicheka, lakini hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Kikundi kisichokuwa na jibu lake kwa maandishi kisipokee hata kuku. Jibu la kawaida ni hili: akifa kwa ugonjwa, na daktari wa mifugo akathibitisha, mwanachama hadaiwi na anarudi nyuma ya foleni. Akifa kwa njaa au kwa kutopuliziwa dawa ya kupe, anadaiwa. Akiuzwa kwa siri, anadaiwa na anaondolewa. Mnaweza kuandika vingine. Lakini yaandikwe kabla mnyama hajateremka kwenye lori, maana baada ya hapo kila mtu ana ndugu wa kumtetea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vikundi vyetu vinaliogopa, nalo ni kumkatalia rafiki. Tuseme rafiki wa Ulaya anaandika kwa furaha kwamba chama chake kimechanga fedha za kununua ng'ombe halisi wa kizungu, wale weusi kwa weupe wanaotoa ndoo kwa ndoo. Kijiji chenu kiko upande wa pori la Moyowosi, mbung'o wako karibu, josho ni la mbali, na kiangazi majani hukauka. Ng'ombe yule atawafia. Rafiki yako hajui habari za ndigana kali wala za mbung'o, kwao hakuna. Ninyi mnajua. Basi mwandikieni waziwazi kwamba mnahitaji chotara, aliyezaliwa mazingira kama yenu, aliyechanjwa chanjo ya ndigana kali, na kwamba sehemu ya fedha inunue pampu ya kupulizia dawa na mbegu za malisho. Rafiki wa kweli atashukuru. Akikasirika, mmegundua mapema, na hasara yenu ni stempu tu.

Wapo waliobadilika kwa sababu waliambiwa, au kwa sababu waliona wenyewe. Mwaka 1983 wasomaji wa gazeti moja la Uswidi liitwalo Vi, gazeti la vyama vya ushirika vya huko, walichanga fedha za kupanda miti West Pokot nchini Kenya. Kazi ikakua, ikaingia Uganda, na miaka ya 1990 ikafika kwa jirani zetu wa Kagera. Mwanzoni walikuwa na vitalu vyao wenyewe na miche iligawiwa. Baadaye waliachana na vitalu hivyo. Wakulima wakafundishwa kukusanya mbegu na kuotesha miche yao, na kazi ikawa inapitia vyama vya wakulima vyenyewe. Mti uliopewa bure mbuzi akiula husikitiki sana. Uliouotesha kwa mkono wako unautafutia uzio.

Huko huko Kagera, wilayani Karagwe, kuna shirika la wakulima liitwalo Mavuno. Hilo limeshirikiana kwa muda mrefu na chama cha wahandisi wa Ujerumani, Ingenieure ohne Grenzen, katika kujenga matangi ya kuvunia maji ya mvua. Wajerumani wanaleta ufundi wa kuchora na kupima, Mavuno wanajua nani hana maji, na mafundi wa hapo hapo wanajenga na kubaki na ujuzi. Safari ya kutoka Kakonko hadi Karagwe si ndogo, lakini ni ndogo kuliko ya kwenda Berlin. Kikundi kinachofikiria matangi kitume watu wawili wakaone. Na mmoja wao awe mama, maana ndiye anayechota.

Nikitaja nchi za nje kila mtu anatazama Ulaya. Lakini ninyi wa Muhange na Nyabibuye, nchi ya nje iko hapo bondeni. Mrundi wa upande wa Cankuzo na Ruyigi mnasikilizana naye bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Warundi nao wana utaratibu wao wa kupitisha mnyama kutoka nyumba hadi nyumba. Mbele kidogo, Rwanda walianza mpango wa Girinka mwaka 2006: nyumba maskini inapewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Hao wamekwisha kukutana na matatizo yote tutakayokutana nayo, kwenye vilima kama vyetu, na migomba kama yetu. Kikundi cha Kakonko kikifanya urafiki na kikundi cha huko kitajifunza mengi zaidi kuliko kusoma vijitabu vyenye picha. Ila nawaonya: vukeni na maarifa, msivuke na mifugo wala vipando. Mnyama wa kuvuka mpaka anahitaji kibali na karantini, na pingili za mihogo zilizobebwa kichwani kutoka kwa rafiki ndizo zinazosambaza batobato na michirizi ya kahawia. Undugu usituletee magonjwa.

Nasi tuna nini cha kumpa rafiki? Watu husema hatuna kitu. Si kweli. Yule aliyechanga fedha huko kwao naye anadaiwa na wanachama wake. Aliwaahidi kwamba ng'ombe 4 watakuwa 8. Anachohitaji kutoka kwenu ni habari za kweli kwa wakati wake. Kila miezi 6 mwandikieni: waliozaliwa, waliokufa na sababu yake, waliolipwa, wanaochelewa. Andikeni kwa Kiswahili kizuri, mwalimu wa sekondari atawatafsiria. Msifiche kifo. Kikundi kinachoandika kwamba wote ni wazima miaka 4 mfululizo kinatiliwa shaka na kila mtu aliyewahi kufuga.

Kuhusu taratibu nitapita haraka. Msajili kikundi kwenye Halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mfungue akaunti yenye watia saini watatu, wasiwe wa nyumba moja. Mkataba na rafiki uandikwe kwa lugha mbili, usomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, na nakala iwe Halmashauri. Ndani yake mwandike mifugo ni mali ya nani mradi ukiisha. Neno hilo moja likikosekana, mtakuja kuona mitamba inahesabiwa na watu msiowajua. Na akitokea mtu mjini anayedai ada ili awaandikie barua ya kwenda kwa wafadhili na kuwahakikishia jibu, msimpe. Hakuna anayeweza kuhakikisha jibu la mtu mwingine.

Kabla ya yote, wekeni chenu. Nimeona kwamba kikundi kinachodumu ni kile ambacho kilikuwa kinakutana hata kabla ya mgeni. Kilikuwa na hisa zake za kila wiki, kilikuwa kinalimiana kwa zamu, kilikuwa kinazika pamoja. Mgeni alikuta nyumba, akaleta kiti. Kile kilichoundwa wiki moja kabla ya ugeni kilimkuta mgeni akileta kiti mahali pasipo na nyumba, na mvua ikanyesha.

Basi ikiwa kikundi chako kinataka mitamba au mbuzi, kazi ya kuanza nayo si barua, ni malisho. Mvua zetu za nyanda za juu zinaanza Oktoba. Andaeni shamba sasa, na ardhi ikishika unyevu pandeni majani ya tembo au Guatemala kwenye matuta ya kinga maji, na lukina kando yake. Kwa ng'ombe mmoja tengeni kama eka 1, kwa mbuzi kidogo zaidi ya hapo inatosha kundi zima la nyumba moja. Majani hayo yakikosa ng'ombe hayapotei, yanashika udongo na kutandazwa kwenye migomba. Vipando mtavipata kwa Afisa Ugani wa kata au kwa mkulima aliyekwisha kuotesha. Yakifikia kimo cha mtu, ndipo mkae mwandike barua, na mwandike ndani yake eka mlizopanda na tarehe mliyopanda.

Maswali yenu yaleteni kwa Afisa Ugani wa kata naye atayafikisha kwetu chuoni. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.